Namba Hamsini na Tatu

Mama Upendo alinipa daftari bila kunisalimia. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nyuma, wa jikoni, viatu vimejaa tope la kutoka barabarani, kitenge nimekifunga vibaya kwa sababu nilikivalia ndani ya gari, na nilishajiandaa kufukuzwa. Hata jibu nilikuwa nalo tayari, maana mimi maneno hayajawahi kunipungukia. Badala yake mjane wa Mwalimu Aminieli akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akafuta mikono kwenye kanga, akanisogezea daftari na kalamu iliyofungwa uzi. "Watu wanaleta vitu na hakuna anayeandika," akasema. "Ndizi zinaingia, maziwa yanaingia, pombe ya mbege inaingia, kesho sitajua nimshukuru nani. Kaa pale kwenye kigoda uandike. Mwandiko wako tunaujua." Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi wakaacha kumenya. Hakuna hata mmoja pale jikoni ambaye hakujua mwandiko wangu ulimfanya nini yule mzee aliyelala ndani sebuleni, kwenye jeneza, akisubiri mchungaji. Nikakaa. Nikafungua ukurasa wa kwanza, mweupe, nikaishikilia kalamu juu yake kama mtu aliyesahau kuandika.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na nne, nauza ndizi sokoni huku kwetu Kirua Vunjo, na nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa sababu moja tu: walipungukiwa mwanamke. Sheria inataka wajumbe wanawake wafike idadi fulani, na mmoja wao alikuwa ameolewa Rombo akaondoka. Mwalimu Aminieli, mwenyekiti wetu, alikuja mwenyewe mpaka kwenye mikungu yangu. Siku hiyo nilikuwa namtukana mnunuzi kutoka Moshi mjini aliyetaka kunipa bei ya ndizi mbivu kwa ndizi mbichi. Mwalimu akasubiri nimalize. Hakuwa na haraka, alisimama na mwavuli wake kama mtu anayesikiliza kwaya. Yule mnunuzi alipoondoka, akasema, "Haikaeli, wewe kila siku unagombana bure. Njoo ugombane mahali penye kazi." Mimi shule niliishia kidato cha pili. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniita mahali popote isipokuwa kunigombeza. Nikamwambia shikamoo mara ya pili kwa kuchanganyikiwa, akacheka, na kuanzia pale mtu akimsema vibaya Mwalimu mbele yangu, alikuwa amenisema mimi.

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye kabati lisilofungwa na benchi mbili zilizotoka kanisani. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na stoo ya kahawa, kwa hiyo vikao vyetu vyote vilinukia magunia. Wazee walikaa upande wa dirisha, wakiongea Kichagga wakitaka kuamua na Kiswahili wakitaka kuandikwa. Miezi miwili ya kwanza nilikaa nimekunja mikono, nikiwaka moto ndani, kwa sababu nilikuwa sielewi nusu ya maneno. Mwalimu akaniazima kijitabu cha sheria ya ardhi ya vijiji, hakina jalada, kimeliwa na mende pembeni. Nilikisoma sokoni kati ya mteja na mteja, na mpaka nilipomrudishia, kila ukurasa ulikuwa na alama nyeusi za vidole vyangu, utomvu wa ndizi ule usiotoka hata kwa sabuni. Akakipokea, akakifungua, akaziona alama, akanirudishia. "Hiki sasa ni chako," akasema. "Umekisaini chote." Baadaye akanifundisha kuandika muhtasari, kwa sababu mtendaji wetu wa kijiji, kijana aliyeajiriwa na wilaya, alikuwa mvivu wa kuandika. Mwalimu alinisimamia nyuma ya bega kama niko darasa la tatu. "Kichwa kwanza. Kikao gani, wapi, siku gani. Hujaandika kichwa, usiandike hata jina moja. Karatasi isiyo na kichwa, yeyote anaweza kuivika kofia yake." Nikaandika hilo kwenye kiganja. Niliwaambia hata wauza mbege sokoni, nikijiona wakili.

Ndiyo maana siku ya msaragambo ilinikaa vibaya, ingawa sikujua kwa nini. Juu ya kijiji kuna chemchemi, ndani ya kipande cha msitu ambacho ni mali ya kijiji kizima, na kutoka pale unashuka mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu, unapita kihamba kwa kihamba, yaani mashamba yetu ya migomba yanayozunguka nyumba, kila nyumba na zamu yake ya maji. Mvua za masika zikiisha mfongo unajaa tope na mawe, watu wote wanatoka kuuzibua. Hiyo ndiyo msaragambo. Kila nyumba inatoa mtu, na nyumba isiyotoa mtu inakosa zamu ya maji mpaka ilipe. Kwa hiyo lazima majina yaandikwe, na mtu asaini. Mimi ndiye nilikuwa karani, nimekaa juu ya jiwe, karatasi kwenye ubao magotini. Vikongwe wasioweza kushika jembe wanaleta chakula, na wewe karani unaandika walicholeta ili nyumba zao zisinyang'anywe maji. Bibi Ndeanasia, mjane wa nyumba ya chini kabisa, nyumba ambayo maji yanafika ya mwisho, alipanda mlima mzima na sufuria la supu ya ndizi kichwani. Alikuwa hajui kuandika, na wino wa dole gumba sikuwa nao. Basi kwenye jina lake, mahali pa saini, nikaandika: sufuria la mtori. Akauliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akasema, "Andika na nyama imo," nikamwambia, "Bibi, nafasi imeisha." Mwalimu alikula bakuli mbili za huo mtori, amekaa pembeni yangu, akipuliza kijiko.

Asubuhi alikuwa amenikuta ninaanza karatasi ya kwanza. "Leo acha kichwa wazi," akasema. "Kuna fomu mpya za wilaya, mtendaji atajaza juu kwa herufi kubwa." Nikacheka. Nikamwambia, "Mwalimu, si wewe uliyesema nisiandike hata jina moja?" Na yeye akacheka, lakini kwa mdomo tu. "Ndiyo. Na mwanafunzi mzuri anajua lini mwalimu wake ana haraka." Nikaacha wazi. Karatasi nne, majina mia moja na kumi na nane, juu kabisa pamebaki peupe. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini. Jibu ni kwamba angeniambia niandike kwa kalamu isiyo na wino, ningeandika.

Wiki chache baadaye tukaona mawe yamepakwa chokaa kuzunguka chemchemi. Watu wakaanza kusema. Walisema kuna mtu wa maji ya chupa, ana gari refu jeupe, amepewa msitu na chemchemi yake, ataweka uzio. Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni Kundaeli, mkusanya maziwa, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba asubuhi na pikipiki yake na kuyapeleka Moshi. Kihamba chake kiko chini, jirani na Bibi Ndeanasia. Alisimamisha pikipiki katikati ya soko, akasema mbele ya watu, "Mwenyekiti wenu amewauza. Chemchemi imeenda. Mwakani migomba ya chini tutainywesha mate." Mimi nilikuwa nimeshika mkungu. Nikauweka chini. Nikamwambia, "Rudia." Akarudia, tena taratibu, akihesabu maneno kwa vidole. "Wewe Haikaeli ukamuulize baba yako wa ofisini." Nikaenda mpaka kwenye pikipiki nikalisukuma dumu lake la maziwa kwa mguu. Lilikuwa halijafungwa kamba sawasawa. Likaanguka, kifuniko kikatoka, lita ishirini zikaenda kwenye mtaro wa soko, na mbwa wa bucha wakaja. Watu wengine walicheka. Kundaeli hakupiga kelele. Aliinama akaokota kifuniko, akakifuta kwenye suruali, akasema, "Hayo ya ng'ombe wa watu sita. Sio yangu peke yangu." Nikamwambia hata wangekuwa sitini. Usiku ule nililala vizuri sana. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sijalala hivyo tena kwa muda mrefu.

Kama wiki mbili zikapita, akaja tena sokoni, asubuhi, watu bado hawajawa wengi. Hakuanza ugomvi. Alitandaza karatasi juu ya ndizi zangu, kopi, zile za mashine yenye michirizi. Ndugu yake mmoja alikuwa amezipata kwenye faili huko wilayani. Karatasi ya juu ilikuwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, uliochapwa, ukisema wanakijiji tulikaa pale kwenye chemchemi, tukakubali kwa kauli moja eneo lote apewe mwekezaji. Nyuma yake zilikuwa karatasi nne za mahudhurio. Juu kabisa, mahali palipokuwa peupe, palikuwa pamechapwa: Mahudhurio ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Chini yake mwandiko wangu. Herufi zangu za kuinamia kushoto, "k" yangu yenye mkia. Jina la Kundaeli mwenyewe lilikuwa namba tisa na saini yake. "Huu mwandiko wa nani?" akauliza. Nikamwambia, "Siujui." Akasema, "Haika, nitazame." Nikamtazama, nikasema, "Nimesema siujui. Toa takataka zako kwenye ndizi zangu." Akakunja moja moja. "Tumeandika barua," akasema. "Afisa ardhi wa wilaya anakuja Jumatano kuhakiki. Akiondoka ameridhika, hati inatoka, basi tena. Fikiria mwandiko ni wa nani." Akawasha pikipiki.

Jumamosi mchana nikaenda kwa Mwalimu. Nikaingilia nyuma kama kawaida, jikoni, maana kwa miaka miwili nyumba ile ilikuwa kama kwetu. Jiko ni hili hili nililokaa leo na daftari, mbao zile zile nyeusi kwa moshi. Mama Upendo alikuwa anapika kiburu, maharage na ndizi vinachemka pamoja, na aliponiona akaweka sahani bila kuuliza. "Kuna mgeni ndani," akasema. "Kula kwanza." Kati ya jiko na sebule kulikuwa na ukuta wa mbao tu, na mbao zimeachana. Nilikuwa na tonge la pili mkononi niliposikia sauti ya mtendaji. "Shida ni yule binti tu. Wengine wote ni neno lao dhidi ya saini zao wenyewe. Yeye ndiye aliyeandika. Atasema?" Nikasikia kikombe kinawekwa juu ya kisosi. Halafu Mwalimu, sauti ile ile ya darasani: "Haikaeli? Huyo ni wangu. Nikisema jua halijatoka, atatoka nje kugombana na jua." Mtendaji akacheka. Mama Upendo aliendelea kukoroga sufuria. Hakunitazama, lakini mwiko ulikuwa unakoroga mahali pamoja.

Nimeshatukanwa na watu wengi. Sokoni unatukanwa kabla hujafungua mikungu. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama lile, na halikuwa hata tusi, ilikuwa sifa. Angenisifia hivyo mbele yangu mwezi mmoja nyuma, ningetembea kijiji kizima nikiirudia.

Mtendaji alipoondoka Mwalimu akanikuta jikoni. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu. Alijua nimesikia. Hakujifanya. "Uliza," akasema. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ndiyo. Akasema yule mwekezaji atajenga zahanati, vyumba vitatu, na nyumba ya muuguzi. "Unajua mtoto wetu wa kwanza alifia wapi?" Nilijua, kila mtu alijua: alifia njiani kushuka hospitali ya Kilema, kwenye machela ya miti, mvua inanyesha, Mwalimu akiwa ameshika upande wa mbele. Kaka yake Upendo. "Wilaya nimeiomba zahanati miaka kumi na nne. Nimeandika barua mpaka kidole kimepinda. Huyu mtu amekuja mara moja amesema ndiyo." Nikasema, "Na maji ya chini?" Akasema, "Yatabaki ya kutosha. Tumekubaliana." "Mmeandikiana wapi?" Akasukuma kuni motoni. "Mwalimu, mmeandikiana wapi?" "Kwa mdomo," akasema. Yaani yeye, mtu aliyenifundisha kwamba kisichoandikwa hakikusemwa. Nikasema basi ungeita mkutano, ungewauliza watu. Akasema, "Wangekataa. Watu wa juu wangekubali, wa chini wangekataa, tungegombana miaka mingine kumi na nne na watoto wanakufa." Na kusema kweli mpaka leo sina jibu la hilo ambalo limenyooka. Akaweka mkono begani kwangu. "Jumatano afisa atataka majina yasomwe, utaitwa wewe. Sikuombi useme uongo, Haikaeli. Nakuomba usome majina. Majina tu." Mama Upendo akaniongezea kiburu kwenye sahani. Sikukila.

Jumatano ilinyesha tangu alfajiri, kwa hiyo mkutano ukahamishiwa darasani, shule ya msingi, darasa ambalo Mwalimu alifundisha kabla hajastaafu. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto, wengine wamesimama madirishani, miavuli inachuruzika. Bati lilikuwa linapiga kelele mpaka unasoma midomo. Afisa ardhi alikuwa mtu mnene mwenye makoti mawili, si mtu wa mlimani, alisikia baridi, na hakutaka kukaa zaidi ya lazima. Kundaeli akasimama akasema hapajawahi kuwa na mkutano, ile ilikuwa orodha ya msaragambo. Mtendaji akasimama akasema msaragambo ulikuwepo, na baada ya kazi mkutano ukafanyika pale pale chemchemini, mahudhurio yakaandikwa upya. Kama wengine walishaondoka au walishazidiwa na mbege, hilo si kosa la ofisi. Watu wa vihamba vya juu wakapiga makofi. Walikuwa wameshasikia habari za zahanati. "Tulikaa!" mmoja akasema. "Ulikaa na nani, na mkeo?" mwingine akamjibu kutoka dirishani. Afisa akagonga meza kwa funguo. "Neno la huyu, neno la yule, mimi nitaandika nini? Nina saini mia moja na kumi na nane. Mwandiko wa nani huu?" Sikuona aliyenyanyua kichwa. Mwalimu akasema, kwa upole, "Ni wa karani wetu. Mjumbe Haikaeli. Aje asome, na kila aliyesaini anyooshe mkono." Kundaeli aligeuka akanitazama. Sokoni nilimwambia siujui. Nikapita kati ya madawati mpaka mbele, nikapokea karatasi nne. Nilisimama palepale ambapo mtoto anasimama kusoma, na Mwalimu amekaa pembeni kwenye kiti chake cha zamani.

Nikaanza. Namba moja, mkono ukanyooka. Namba mbili. "Sauti," afisa akasema, kwa ajili ya bati. Nikapaza. Namba tisa, Kundaeli akanyoosha mkono huku anatikisa kichwa. Nilikuwa nasoma majina, majina tu, na kila jina lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonitisha: hapakuwa na neno la uongo hata moja kinywani mwangu, na chemchemi ilikuwa inaondoka. Nikafika thelathini. Arobaini. Afisa alikuwa anaweka alama kwenye daftari lake, ameanza kufunga koti. Nilipotupa macho chini ya karatasi ya pili nikaiona kutoka mbali, karibu na mwisho wa ukurasa, mahali ambapo pangekuwa na saini. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Na mtendaji, mvivu yule, hakuwa amesoma mistari mia moja na kumi na nane, alikuwa amechapa kichwa tu. Hamsini. Hamsini na moja. Jina lilikuwa pale, lingetosha. Bibi Ndeanasia alikuwa dawati la tatu, mkono wake umeshaanza kupanda, maana alikuwa anasubiri zamu yake kama mtoto mwema. Ningesoma jina, angenyoosha mkono, tungeenda hamsini na nne. Hamsini na mbili. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa ananitazama kwa utulivu kabisa, na hapo ndipo nikaelewa kwamba hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwamba mimi nilikuwa sehemu ya meza ile, sehemu ya kabati.

"Namba hamsini na tatu," nikasema. "Ndeanasia. Sufuria la mtori."

Mkono wa bibi ukabaki hewani. Afisa akainua kichwa. "Sufuria la nini?" Nikarudia. "La mtori. Imeandikwa hapa mahali pa saini." Akaja akachungulia mwenyewe. "Hii ina maana gani?" Bibi Ndeanasia ndiye aliyesimama, akishikilia dawati. "Maana yake ni mtori, baba. Nilibeba mwenyewe kichwani mpaka juu. Mimi sichimbi, naleta chakula, wasininyime maji. Na nyama ilikuwemo, huyu binti akasema nafasi imeisha." Mtu akacheka dirishani. Afisa akasema, "Kwa hiyo bibi ulileta chakula kwenye mkutano?" Bibi akamtazama kama mtu asiyeelewa chochote. "Mkutano gani? Mtori wa mfongo. Muulize Mwalimu, alikula bakuli mbili." Kicheko kikaanza, halafu kikafa chenyewe kwa haraka, kwa sababu watu wa juu na wa chini, wote ni watu wa mlima huu, wote wanajua nani anaandikiwa chakula na siku gani. Hakuna mkutano duniani ambao mwanamke anahudhuria kwa sufuria. Nikasikia bati tu. Mtendaji alikuwa anatazama karatasi mkononi mwangu kama anaweza kuivuta kwa macho. Afisa akafunga daftari lake.

Mwalimu hakupiga kelele. Hakumtazama afisa wala Kundaeli. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ile ile, "Endelea, Haikaeli. Hamsini na nne."

Nikaendelea. Sijui kwa nini. Nilisoma mpaka mia moja na kumi na nane, mikono inanyooka na kushuka, wakati kila mtu mle ndani alijua imekwisha. Nilisoma kwa sauti na sikukosea jina hata moja, na nilipomaliza nikampa yeye karatasi, si afisa. Akazipanga kingo zikalingana, akaziweka mezani.

Hati haikutoka. Mtendaji akahamishwa. Mwalimu alijiuzulu mwenyewe kabla ya mtu kumwambia, na mtu wa gari jeupe hakurudi. Maji yanashuka mpaka leo, nimeyapita nikija. Zahanati ilijengwa na serikali miaka saba baadaye, na katika hiyo miaka saba kuna watu walishushwa kwa machela, nawajua kwa majina, wawili hawakufika. Watu wa chini waliniita shujaa na watu wa juu wakaacha kununua ndizi zangu. Jirani mmoja alinishauri nikate jani la sale nimpelekee Mwalimu, maana kwetu ukipelekewa sale huwezi kukataa kusamehe. Nikamuuliza, nimwombe msamaha wa nini, wa kujua kusoma? Nilijibu kwa ukali hivyo hivyo. Halafu usiku nilikaa nikiutazama ule mpaka wa masale kwenye kihamba chetu. Sikukata. Na yeye hakuniletea. Tulipishana njiani miezi minne, mimi shikamoo, yeye marahaba, hakuna la tatu, mpaka nikahamia Moshi mjini. Huko leo mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa na bado nagombana. Kile kijitabu kisicho na jalada ninacho. Kila kifungu ninachowapigia watu kelele nilikisoma kwanza kwa ajili ya kumfurahisha mtu mmoja.

Sasa Mama Upendo alikuwa amesimama juu yangu na sufuria tupu. "Huandiki?" akasema. Nikamwambia naandika. Hakuondoka. Akasema polepole, wengine wasisikie, "Hakukusamehe. Usije ukaenda mjini ukajidanganya." Nikasema najua. "Alikuwa akisema, angalau yule alisoma mpaka mwisho. Basi, hilo tu." Akainama akaokota ndizi iliyoanguka, akairudisha kwenye beseni. "Unasubiri nini?"

Nikaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, katikati: VITU VILIVYOLETWA KWENYE MSIBA WA MWALIMU AMINIELI. Chini yake mahali, chini yake siku. Nikapiga mstari. Mlangoni palikuwa na mtu amesimama muda wote huo, mvi zimemtoka kichwani, dumu begani, akisubiri karani awe tayari. Hatukusalimiana. Aliliweka chini mbele ya miguu yangu, taratibu, akakaza kifuniko mara ya pili huku ananitazama.

Nikaandika: 1. Kundaeli. Maziwa, lita ishirini.